Gharama Zisizoandikwa Daftarini: Kazi Zinazopelekwa Ng'ambo na Watendaji Wake wa Ukambani

Mfanyabiashara wa London au New York anayetaka mtu wa kumwandikia makala za tovuti yake, wa kumpangia hesabu zake, au wa kumtengenezea programu, hana haja tena ya kumtafuta katika mji wake mwenyewe. Hufungua mojawapo ya masoko ya mtandaoni, akatangaza kazi yake na bei yake, na kabla ya kumaliza chai yake huwa amekwisha kupokea maombi kutoka Manila, Lahore na Nairobi, na huenda hata kutoka Mukuyuni katika kaunti ya Makueni, Ukambani, ambako kijana aliyehitimu chuo ameketi mbele ya tarakilishi akimwomba Mungu stima isipotee kabla hajatuma ombi lake. Mfanyabiashara huyo huilinganisha bei aliyotajiwa na mshahara wa karani wa mji wake, akaona tofauti kubwa, akaiandika katika daftari upande wa faida. Makala hii inadai kwamba tofauti ile si faida yote. Sehemu kubwa ya gharama za kazi ile imeondolewa daftarini mwake na kutwikwa watu wasioulizwa ridhaa yao, na sehemu nyingine humrudia yeye mwenyewe baadaye, kwa njia ambayo mhasibu wake hakuizoea kuitazama.

Wanauchumi walilijua jambo hili zamani, ingawa kila kizazi cha wafanyabiashara hulisahau. Mwaka 1937 Ronald Coase, msomi Muingereza ambaye mwaka 1991 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, aliuliza suali lililoonekana kuwa la kitoto: ikiwa soko ndilo mwamuzi bora wa bei na kazi, kwa nini basi yakawepo makampuni, yaani, kwa nini tajiri awaajiri watu kwa mwezi na kuwaweka chini ya paa moja, badala ya kununua kila siku kazi ya siku ile kwa yeyote atakayeiuza kwa bei ya chini? Jawabu lake lilikuwa kwamba kulitumia soko kwenyewe kuna gharama: gharama ya kumtafuta muuzaji, ya kupatana naye, ya kuyaandika mapatano, na ya kuhakikisha kwamba kilichoahidiwa ndicho kilicholetwa, na kampuni huzaliwa pale ambapo gharama hizo zinazidi gharama ya kuajiri. Intaneti imepunguza mno gharama ya kutafuta, na hapo ndipo wengi walipodanganyika wakadhani kwamba imezipunguza zote. Kumpata mtu wa Makueni kwa dakika tano si kumjua, wala kupatana naye kwa kubonyeza kitufe si kuaminiana naye.

Natuanze na mnunuzi, maadamu ndiye anayejidhania kuwa amesalimika. Saa tatu ya asubuhi mjini New York ni saa kumi au saa kumi na moja ya jioni Ukambani, kutegemea majira ya mwaka, na huko California mambo huwa magumu zaidi, kwani kazi ya huko huanza wakati usiku umekwisha kuingia Makueni. Ama mtendaji akeshe, na hiyo ni gharama yake, ama suali dogo lililohitaji jawabu la neno moja lilale hadi kesho yake, na hiyo ni gharama ya mteja. Juu ya hayo, maelekezo ambayo karani wa ofisini angeyaelewa kwa kusikia mazungumzo ya jirani yake hayana budi kuandikwa yote kwa mtu wa mbali, na kila lililosahauliwa katika maandishi hurudi kama kosa la kusahihishwa. Saa ambazo meneja anazitumia kueleza, kukagua na kurudisha kazi haziandikwi kama bei ya kazi ile. Zimefichwa ndani ya mshahara wake mwenyewe, na kwa hiyo kazi huonekana rahisi hali aliyelipwa ghali kuisimamia yupo chumba cha pili. Na kazi inapokwisha, mtendaji huondoka na ujuzi wote alioupata juu ya mambo ya kampuni ile, hata mwaka ukipita na programu ikaharibika, hapatikani mtu mmoja ndani ya nyumba anayejua ilivyojengwa.

Hizo, hata hivyo, ni gharama ndogo zikipimwa na ile ya kutomjua mtendaji. Masoko haya humpa kila mtendaji akaunti yenye nyota na sifa alizopewa na wateja waliotangulia, na mteja huajiri nyota zile kwa sababu hana kitu kingine cha kutazama. Matokeo yake ni kwamba kijana mpya, hata awe hodari namna gani, huomba kazi miezi mingi bila ya kupata, na mwenye akaunti kongwe hupata kazi nyingi kuliko uwezo wa mikono yake. Na palipo na wawili wa namna hiyo hapakosi biashara baina yao. Nchini Kenya kila anayefanya kazi za mtandaoni anajua kwamba akaunti huuzwa na kukodishwa. Mwenye akaunti huipokea kazi kwa jina lake, akamkabidhi mwingine kwa bei ya ukurasa, na huyo naye akizidiwa humpa wa tatu, kila mmoja akikata fungu lake njiani. Yule anayeandika hasa hupata kilichosalia, na juhudi yake nayo huwa kwa kadiri ya kilichosalia.

Basi mteja wa Manchester anayeamini kwamba ameajiri mtu mmoja mwenye nyota tano huwa ameajiri mlolongo wa watu asioujua mwanzo wake wala mwisho wake, na nywila zake, orodha ya wateja wake, na barua zake za siri zimepita mikononi mwa watu ambao hawakutia saini ahadi yoyote kwake. Haifai kusema hapa kwamba Wakenya si waaminifu, kama wanavyosema baadhi ya waandishi wa Magharibi kwa haraka. Mfumo uliogeuza sifa ya mtu kuwa bidhaa hauwezi kushangaa bidhaa ile ikiuzwa. Kadhalika katika ile biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani kazi zao za chuo, ambayo vijana wengi wa Kenya wameiingia kwa kukosa nyingine, lawama zimemwangukia zaidi mwandishi kuliko mnunuzi. Ni mwaka 2022 tu ndipo sheria ya Uingereza, kwa upande wa England, ilipokataza kuiuza huduma hiyo kwa malipo. Gharama ya biashara ile haikuwa ya kampuni yoyote. Ililipwa na thamani ya shahada za watu waliosoma kwa jasho lao.

Sasa tumgeukie mtendaji. Soko la Upwork, mojawapo ya makubwa duniani, liliweka mwaka 2016 kanuni ya kukata asilimia 20 ya dola 500 za mwanzo anazolipwa mtendaji na kila mteja, kiwango kikishuka kadiri kazi kwa mteja yule yule inavyoongezeka, na mwaka 2023 likaifanya asilimia 10 kwa wote. Na tangu mwaka 2019 huwauzia watendaji vibali vya kuombea kazi, hata anayekosa huwa amelipa kwa kukosa kwake. Juu ya makato hayo zipo ada za kuzihamisha fedha hadi M-Pesa, upo ununuzi wa bando kila siku au kila wiki, ipo tarakilishi iliyonunuliwa kwa mkopo, na zipo saa za kuomba, kungoja na kurekebisha ambazo hazilipwi na mtu. Ofisi ya Manchester ingelipia meza, kiti, taa na mtandao. Kijana wa Mukuyuni hulipia vyote hivyo kutoka katika ijara ambayo mteja anaiona kuwa ni ijara tupu. Ipo pia hatari ya sarafu. Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 za Kenya, na baada ya miezi michache ikashuka hadi karibu shilingi 130, na aliyepatana na mteja wake kwa dola alijikuta amepunguziwa karibu moja ya tano ya chakula cha nyumbani kwake pasipo mtu yeyote kumtumia barua. Anayeajiriwa na kampuni huachia kampuni kuihimili dhoruba ya namna hiyo. Anayejitegemea huihimili peke yake.

Tena kuna gharama za umma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humlinda mwenye mkataba wa utumishi: likizo yake, ugonjwa wake, uzazi wake, na notisi ya kuachishwa kazi. Mtendaji wa mtandaoni huandikwa kuwa ni mkandarasi huru, na kwa neno hilo moja huwekwa nje ya ulinzi huo wote, hata kama kwa miaka mitatu amekuwa na mteja mmoja anayempangia saa zake na kuitazama skrini yake. Akiugua, hospitali ya kaunti ndiyo inayompokea, na michango ya bima ya afya na ya uzeeni, ikiwa hutolewa, huitoa yeye pasipo mwajiri kutia kitu. Elimu yake ililipiwa na wazazi waliouza ng'ombe, na Serikali iliyofuta karo za shule za msingi mwaka 2003, na pengine na mkopo wa wanafunzi wa HELB uliomwezesha kusoma chuo kikuu pale Kwa Vonza, Kitui, mkopo ambao bado anadaiwa. Mteja hununua matunda ya miaka kumi na sita ya darasani kwa saa, na kodi yake hailipi hata saa moja ya mwalimu aliyemfundisha mtu huyo kusoma.

Ukambani si mgeni wa biashara ya namna hii. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa, na mfanyabiashara Kivoi wa Kitui, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1849, alikuwa na jina kubwa baina ya watu wa bara na wa pwani. Lakini katika biashara ile muuzaji alikwenda mwenyewe kumtazama mnunuzi usoni. Mfano ulio karibu zaidi na wetu ni wa vinyago. Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Machakos ya leo, alijifunza kuchonga alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi akawafundisha wenziwe, na baada ya miaka kadhaa uchongaji ukawa kazi ya maelfu ya watu, kwanza nyumbani kisha Nairobi na Changamwe, na twiga wao na vifaru wao wakafika katika maduka ya Ulaya na Marekani. Wafanyabiashara wa kati walinunua kwa kipande, jina la mchongaji halikuandikwa juu ya kazi yake, na bei ya dukani ilikuwa mbali sana na bei ya kibandani.

Lakini lililonivutia zaidi katika historia ile, na ninalodhani wasomi wetu hawajalitilia maanani ya kutosha, ni habari ya miti. Mpingo na muhuhu ni miti inayokua taratibu mno, na kadiri vinyago vilivyoendelea kuuzwa kwa bei rahisi ndivyo miti ile ilivyopungua karibu na wachongaji, ikawalazimu kuitafuta mbali zaidi, hata katika misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke, mpaka katika miaka ya 1990 zikafanywa juhudi za kuwageuza wachongaji watumie mwarobaini na muembe, miti inayokua upesi. Hapakuwa na duka hata moja huko ng'ambo lililokuwa limeihesabu thamani ya msitu katika bei ya twiga. Mnunuzi alikuwa mwaminifu, alilipa kila alichoambiwa. Kosa lilikuwa katika hesabu yenyewe, kwa sababu kile kilichoteketea hakikuwa na mwenyewe wa kukidai. Katika biashara ya leo kinachoteketea ni macho ya vijana, usingizi wao, na ile miaka ya kati ya 20 na 30 ambamo mtu hujifunza kazi ya maisha yake. Na miaka hiyo hakuna mwarobaini wa kuiweka mahali pake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umetoka Nairobi, nao tunaujua kwa sababu ulifika gazetini na mahakamani. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza kwamba kampuni ya OpenAI ilikuwa imepatana na kampuni ya Sama, ili wafanyakazi wa Nairobi wasome na kutia alama maandishi ya ukatili na uchafu, mashine ya akili bandia ya OpenAI ipate kujifunza kuyaepuka. Mapatano yalikuwa dola 12.50 kwa saa, na mfanyakazi alipata mkononi kati ya dola 1.32 na dola 2. Kwa upande mwingine, Sama ilikuwa imeajiri wakaguzi wa maudhui ya Facebook, nao walishinda siku nzima wakitazama mauaji na udhalilishaji ili wengine wasitazame. Daniel Motaung, mmoja wao kutoka Afrika Kusini, aliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, pamoja na Sama mwaka 2022, na wenziwe zaidi ya 180 wakafuata mwaka 2023 walipopoteza kazi. Meta ilijitetea kwamba haina makao Kenya na kwamba si mwajiri wa watu hao. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikataa hoja hiyo, ikasema kwamba yaweza kushtakiwa hapa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikalithibitisha jambo hilo. Desemba mwaka huo huo ikajulikana kwamba daktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta alikuwa amewapima wakaguzi hao na kuwakuta zaidi ya 140 wana maradhi ya nafsi yanayotokana na mshtuko.

Hiyo ndiyo gharama iliyofichika ikitoka hadharani kwa idadi na kwa majina ya maradhi. Wafanyakazi hao, tena, walikuwa na ofisi, walikuwa na mkataba, walijuana kwa nyuso, na Mei 2023 waliweza kukutana Nairobi na kuazimia kuunda chama chao. Mtendaji wa Mukuyuni hana hata moja la hayo. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, la kampuni ya Scale AI ya San Francisco, liliwafungia watendaji wa Kenya, na waliokuwa wakilitegemea kwa riziki wakabaki na skrini isiyowapokea. Kwa nani wangekwenda kudai?

Najua lipo jawabu la upande wa pili, nalo lina uzito wake. Kazi hizi zimeingiza dola katika nyumba ambazo hazikuwa na mshahara, zimemwezesha binti kukaa karibu na mama yake mgonjwa badala ya kuhamia Nairobi, na zimewapa wengine ujuzi wa kuanzisha biashara zao. Serikali nayo iliziwekea matumaini makubwa: waya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, Dira ya 2030, mpango wake wa maendeleo, ilikuwa imekwisha kuitaja kazi ya kuhudumia makampuni ya ng'ambo kuwa miongoni mwa nguzo za uchumi, na Konza, mji ambao Rais Kibaki aliuwekea jiwe la msingi Januari 2013 juu ya ekari 5,000 za Malili, katika kaunti hii hii ya Makueni, ulikusudiwa kuwa makao ya kazi hizo. Mpango wa Ajira ukafuata mwaka 2016 kuwafundisha vijana njia za kuzipata. Siyakanushi hayo, wala simtakii kijana yeyote anyang'anywe tonge lake kwa jina la kumhurumia. Lakini kusema kwamba kazi fulani ni bora kuliko njaa ni kuipima kwa kipimo ambacho hakuna kazi duniani isiyokishinda, na msomi hana ruhusa ya kutosheka nacho. Serikali iliwafundisha vijana namna ya kuomba kazi, na haikuwafundisha, wala haikuwawezesha, namna ya kudai malipo ya kazi waliyokwisha kuifanya.

Wala tusidhani kwamba Mkenya ni muuzaji tu. Siku hizi yupo mfanyabiashara wa Nairobi, na hata ushirika wa akiba na mikopo wa mashambani, anayemwajiri mtu wa Pakistani au India amtengenezee programu ya hesabu za wanachama kwa bei nafuu. Huyo naye ana gharama asizoziona: kodi ya zuio ya asilimia 20 juu ya ada za kitaalamu za asiyekuwa mkaazi, isipokuwa mkataba baina ya nchi mbili umeipunguza, na masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 juu ya kuzipeleka habari za watu nje ya nchi, ambayo mvunjaji wake aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni tano. Programu iliyonunuliwa rahisi, yenye majina, namba za vitambulisho na akiba za wakulima wa maembe, ikiwa katika tarakilishi ya mtu asiyejulikana ng'ambo ya bahari, si rahisi hata kidogo.

Njia ya insafu, kwa maoni yangu, ni moja katika pande zote mbili: dhima ifuatane na fedha. Yule ambaye kazi inafanywa kwa faida yake, na ambaye ndiye mwenye uwezo wa kuamua bei yake na namna yake, awe ndiye wa mwisho kuulizwa juu ya madhara yake, hata apitishe kazi ile katika mikono ya mawakala wangapi. Mahakama zetu zimekwisha kuelekea huko. La kusikitisha ni kwamba mwaka 2024 uliletwa mbele ya Seneti Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Biashara, wenye kukusudia kwamba madai ya wafanyakazi yaelekezwe kwa kampuni ya hapa inayowaajiri na siyo kwa mteja wake wa ng'ambo, kwa hoja ya kuvutia kazi nchini. Kanuni ya namna hiyo itavutia hasa wale wateja ambao hesabu yao inategemea kutoulizwa, nasi tutakuwa tumeiuza, kwa bei tusiyoijua, haki ambayo watu walioumia waliipigania hadi Mahakama ya Rufani. Wabunge wa Makueni na Kitui, ambao vijana wao ndio watakaoilipa bei hiyo, wanapaswa kuikataa kila itakapoletwa, na badala yake waitungie kazi ya mtandaoni sheria inayomtambua mtendaji wake kuwa ni mfanyakazi.